Mla Mume wa Hetalkhali

Morjina Khatun alikuwa na misemo mingi ya bahati, na karibu yote aliitunga mwenyewe akiwa ndani ya maji. Ukimwuliza mbona leo kapata kaa wengi kuliko wenzake, atakujibu kwamba bahati usiifuate kwa mbele, itakubana vidole. Izungukie kwa nyuma. Ukimwuliza mbona kibanda chake kimesimama baada ya upepo wa jana na cha jirani kimelala chini, atakujibu kwamba jirani aliomba dua akaenda kulala, na yeye aliomba dua akaenda kukaza kamba. Wanawake wa tutani, kwenye ukuta wa udongo unaozuia maji ya mto, walimpenda kwa hayo. Aliyenunua wavu mpya alimpelekea aushike kwanza kabla haujalowa, eti Morjina ana mkono wa heri.

Wanawake hao hao ndio waliokuwa wakimwita mla mume. Watu wa kwetu ni wepesi wa kusahau walichosema, hasa wakiwa na shida ya kitu.

Na mla mume si tusi la mchezo Hetalkhali. Ng'ambo ya mto wetu kuna msitu wa mikoko, na ndani ya msitu kuna simbamarara, ambaye hatajwi kwa jina. Anaitwa Mjomba, kwa heshima na kwa woga. Wanaume huvuka kwenda kutafuta asali na kaa, na kila baada ya muda mmoja wao harudi. Asiporudi, hakuna anayemlaumu Mjomba, maana Mjomba yuko kwake. Analaumiwa mke. Mume akiwa msituni mke ana miiko yake: asichane nywele wala kuzipaka mafuta, asioge kwa sabuni, asiwashe jiko jua likiwa utosini, asikaange pilipili kavu, asifunge mlango mchana, asigombane na mtu. Kama mama mzazi anaishi nyumba hiyo, miiko ni yake pia. Mke akishika yote, mume anarudi. Mume asiporudi, basi kuna kitu mke hakukishika, na majirani hawalali mpaka wakipate.

Mokbul Gazi, mume wa Morjina, alichukuliwa msimu wa asali, Morjina akiwa na mimba ya mtoto wao wa kwanza. Wenzake walirudi na kipande cha msuli aliojifunga kiunoni, basi, mwili haukuonekana. Aliyeuliza maswali alikuwa wifi yake, Nosiron, dada mkubwa wa Mokbul, aliyemlea Mokbul mgongoni baada ya mama yao kufa. Alimkalisha Morjina uani mbele ya watu, akamwuliza mwiko mmoja mmoja, kwa sauti ya upole kabisa, kama mtu anayembembeleza mgonjwa anywe dawa. Je, ulichana? Je, ulioga kwa sabuni? Je, ulikaanga? Morjina alikataa yote. Nosiron hakumwamini, na kabla jua halijazama alikuwa amemtoa kwenye uwanja wa akina Gazi, na tumbo lake, na sufuria yake moja.

Sasa, ubaya wa jambo hili ni kwamba Nosiron alikuwa sahihi kutomwamini. Mokbul alipokuwa msituni, Morjina alishikwa na hamu ya kula kikali, kama wenye mimba. Alijizuia, akashindwa. Alitia pilipili kavu kwenye mafuta ya haradali mpaka zikawa nyeusi, akaziponda na kitunguu na chumvi kwenye wali uliolala, akala amechuchumaa mlangoni, machozi na kamasi vikimtoka, na akaona raha. Raha ile ndiyo iliyomkaa rohoni baadaye kuliko kitu kingine chochote. Hakumwambia mtu.

Aynal alizaliwa kwenye kibanda cha makuti ukingoni mwa tuta, mahali ambapo hapakuwa na mwenyewe, kwa sababu kila bamvua maji yaliingia ndani. Morjina alimfunga mgongoni kwa ncha ya sari akaingia mtoni mpaka kifuani, akiburura wavu mdogo wa kunasa vitoto vya kamba. Wanawake wengine walipomwona anaingia, walitoka. Alijifunza kuingia wakati ambao wao wamekwenda kupika. Kimbunga kilipokuja kilimchukulia kibanda. Alikuta paa lake limeelea kwenye bwawa la jirani, akalirudisha vipande vipande kichwani, huku akimwambia jirani asidhani amepewa zawadi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alijenga tena, palepale, akainua sakafu ya udongo kwa kiasi cha mkono, na mwaka uliofuata akainua tena.

Na aliamua kucheka. Nasema aliamua, kwa sababu kicheko chenyewe mwanzoni hakikutoka moyoni. Aliona kwamba mnunuzi wa kaa akipita tutani humruka mwanamke aliyenuna na kusimama kwa mwenye utani, basi akafanya utani, kama vile alivyofuma wavu. Baada ya miaka kicheko kikazoea mdomo wake, na hata yeye akawa hajui kipi cha kazi na kipi chake. Wajane wengine wa Mjomba wakaanza kusogea. Akawafundisha namna ya kumfunga kaa asikate mwenzake, akawafundisha na kucheka.

Lakini maji yalikuwa yanakupwa, na yakikupwa alikuwa anaitwa.

Wanaume wakiwa msituni hawaitani kwa majina, maana Mjomba akishalijua jina lako atalitumia. Mtu hutoa sauti ndefu tu, kuu, na mwenzake hujibu vilevile. Mizimu ya kwetu haina haja ya giza. Mchana kweupe, tope likiwa wazi kote na mto umebaki mfereji, Morjina akiwa amejiinamia kazini, sauti hiyo ilitoka ng'ambo: kuu. Mara moja tu. Aliijua kuwa ya Mokbul. Hakuijibu hata siku moja, kwa sababu anayeitwa na mfu akiitika humfuata, na pia kwa sababu alijua atakachoulizwa. Aliimba kwa sauti kubwa mpaka maji yajae.

Siku moja alikuja bibi kutoka shirika fulani la mjini, mwanamke mwema mwenye miwani, akawakusanya wajane chini ya turubai akawapa chai na biskuti. Alikuwa amesikia habari za Morjina, akamsimamisha awape wenzake siri yake. Morjina aliwachekesha kwanza, kisha akasema, "Bahati haiji kwa mtu aliyekaa. Unaamka, unaitengeneza kwa mikono yako miwili. Na usiamke umenuna, maana hata kaa anamkimbia aliyenuna." Walipiga makofi. Yule bibi alifurahi, akasema mmesikia, kila mtu ni fundi wa bahati yake.

Nosiron alikuwa amekaa nyuma. Hakualikwa, alikuja kwa ajili ya chai. Alihamisha tambuu yake kutoka shavu moja hadi jingine. "Na mkosi?" akauliza. "Fundi wake nani?"

Wengine walicheka, wakidhani ni utani. Morjina alikaa chini na biskuti yake mkononi. Kama bahati njema aliitengeneza kwa mikono yake, na kweli aliitengeneza, basi ile mbaya ilitengenezwa na mikono ya nani? Hakuna mikono mingine iliyokuwa jikoni siku ile. Alirudi nyumbani na swali hilo, akaishi nalo.

Aynal akakua, mrefu na mpole, mwenye mdomo wa mama yake. Morjina alimwapisha tangu utotoni kwamba msituni hatakwenda. Alimtafutia kazi ya kunenepesha kaa kwenye vizimba vya plastiki, na akamwoza Tohura, binti wa bara, kutoka kwenye mashamba ya viazi ambako watu humjua Mjomba kwa picha tu. Tohura alikuwa msichana mkweli kupita kiasi. Alimwambia mkwe wake wiki ya kwanza kwamba maji ya Hetalkhali yana ladha ya machozi, na kwamba nyumba inanuka kaa, na kwamba hata hivyo amewapenda. Morjina alicheka siku hiyo kicheko ambacho hakikuwa cha kazi.

Kisha likaja joto lile, maji ya bwawa yakawa ya kuchoma, na kaa wa Aynal wakafa wote. Walielea matumbo juu, na harufu ikafika mpaka msikitini. Aynal aliwaopoa na kuwafukia siku nzima. Jioni alimwambia mama yake kwamba kuna kundi la asali lina nafasi kwenye mashua, na kwamba amekwishakubali.

Morjina alikasirika, akalia, akamtajia baba yake. Aynal alisubiri amalize.

"Mama," akasema, "si wewe unayesema bahati haiji kwa mtu aliyekaa? Mimi nimekaa vya kutosha. Niache niamke."

Alisema kwa upole. Maneno yalikuwa ya Morjina mwenyewe, yamerudi nyumbani yamevaa sauti ya mwanawe. Siku ya kuondoka alimshika mkono mpaka kwenye mashua, akamfunga kitambaa chekundu kilichoombewa dua, na hakusema utani wowote. Mashua ilipopinda kona, aligeuka akarudi nyumbani kwa hatua za haraka na kuanza kazi.

Alificha kitana. Alificha mche wa sabuni uliokuwa kisimani. Pilipili zote kavu zilizokuwa ndani, mfuko mzima, alizitupa mtoni. Aliweka jiwe mlangoni ili upepo usiufunge. Tohura alimtazama akihangaika, akauliza kama ni msiba. Morjina alimweleza miiko yote, na hakumweleza kwa kucheka.

"Lakini mama, huko kwenye mkutano si ulisema bahati mtu anaitengeneza mwenyewe?"

"Ndiyo. Na hivi ndivyo inavyotengenezwa. Funga mdomo, fungua mlango."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia neno kali. Tohura alitii. Alikaa na nywele zake zimekuwa mafundo ya vumbi, akipika asubuhi sana na kula chakula kilichopoa, na Morjina akamlinda kama anayelinda moto usiruke kwenye makuti. Alimfuata kisimani. Alimnusa. Akiwa amelala mchana alimwinamia aone kama kichwa kina mafuta. Aliona anavyofanya, akaona kwamba hivi ndivyo Nosiron angefanya, lakini hakuweza kuacha. Na kila maji yalipokupwa sauti ilitoka ng'ambo, kuu, nayo sasa ilimtisha zaidi, maana hakuwa na hakika tena ni ya nani. Ilikuwa ya mwanamume, na Aynal alikuwa mwanamume.

Siku iliyotarajiwa mashua kurudi, Morjina alikwenda asubuhi kusimama ukingoni na wanawake wengine. Alimwacha Tohura nyumbani. Mashua ya kwanza ilifika kabla ya adhuhuri, si ya Aynal. Watu walishuka bila kuimba, na wanaotoka na asali huimba. Walisema kwamba kwenye kijito cha Kalikhal walisikia makasia yakigongwa, mdundo wa namna ile wa kupeana habari kwamba mtu amechukuliwa. Wao walikuwa mbali. Hawakujua ni wa mashua gani. Wakamtazama Morjina, wakatazama pembeni, kwa sababu walijua kundi la Aynal lilielekea Kalikhal.

Morjina alirudi nyumbani akikimbia, na wanawake nyuma yake. Nosiron alikuwa amekwishatangulia, kwa kuwa alikuja kumngojea mtoto wa ndugu yake. Alikuwa amesimama uani, ameegemea fimbo yake, anamtazama Tohura.

Tohura alikuwa amekaa mlangoni anachana nywele kwa kitana chake mwenyewe. Zilikuwa zimelowa na zinang'aa. Harufu ya sabuni ya maua, aliyokuja nayo kutoka kwao na kuificha kwenye sanduku lake la harusi, ilijaa uwanja mzima. Aliambiwa leo mashua zinarudi. Alidhani miiko imekwisha. Alitaka mumewe amkute ananukia. Hakujua, kwa kuwa hakuna aliyefikiria kumwambia, kwamba mwiko unakwisha mguu wa mwanamume ukikanyaga tuta, na si nukta moja kabla.

"Tohura, mwanangu," alisema Nosiron, kwa sauti ya upole kabisa. "Mbona nywele zako zimelowa?"

Sauti ile Morjina aliijua. Ilimshuka mgongoni kama maji ya kisima.

Na lazima niseme kweli, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuficha baadaye: wazo lake la kwanza halikuwa la huruma. Wazo lake la kwanza lilikuwa, ameniulia mwanangu. Mkono ulikwishapanda kumpiga. Alimchukia msichana yule, kwa muda mfupi, kwa chuki isiyo na chini. Tohura alikuwa ameelewa sasa. Alikuwa amekauka, kitana mkononi, na hakumtazama Nosiron, alimtazama Morjina. Mdomo wake ulikuwa unafunguka kujibu, na angejibu kweli, maana hakujua jibu la namna nyingine. Akishajibu, hata kama Aynal yuko hai, atakuwa nuksi. Na kama Aynal amekufa, atapewa sufuria moja.

Morjina alimnyang'anya kitana.

"Nywele hizo nimemwosha mimi," akasema. "Sabuni ni yangu. Yeye alikataa, mimi nikamlazimisha. Mtoto wa bara, anajua nini?"

Hakuna aliyemwamini, na aliona hivyo. Nosiron alikuwa anamtazama vilevile. Basi Morjina akaingia ndani, akatoka na chupa ya mafuta ya nazi, akakaa mlangoni palepale alipokuwa Tohura, juani. Akafungua nywele zake. Zilikuwa na mvi nyingi. Akamimina mafuta utosini mpaka yakachuruzika shingoni, akaanza kuchana, taratibu, kutoka juu mpaka chini, watu wote wakiona.

Wanawake walirudi nyuma. Mmoja alimfunika mtoto wake macho.

"Morjina, acha," alisema Nosiron. Upole ulikuwa umekwisha. "Mwanao yuko msituni."

"Najua aliko. Mnatafuta nani wa kumwuliza, si ndiyo? Niulizeni mimi. Na kama mnataka la zamani, lichukueni na lenyewe. Nilikaanga pilipili, wifi. Siku zile uliponiuliza nilikataa, lakini nilikaanga, nikala, na zilikuwa tamu. Haya. Mkosi ukija leo usipotee njia. Uje hapa. Mimi na wenyewe tunajuana."

Nosiron aliketi chini ghafla.

Ukidhani kwamba Morjina alifanya hivyo kwa kuwa ameacha kuamini, umekosea, na hapo ndipo ninapomstahi. Aliamini. Kila alipopitisha kitana aliona kitu chenye milia kinageuza kichwa upande wa mashua. Alikuwa anafikiri huenda sasa hivi, kwa mkono wake huu wa heri, anamwua Aynal ili kumwokoa mtoto wa watu ambaye hata hakuwa damu yake. Kitana kilimponyoka, akakiokota, akaendelea. Tohura alikuja akakaa nyuma yake, akamkumbatia kiuno, akaficha uso mgongoni mwake, na mafuta yakamchafua.

Walingoja hivyo. Maji yalikuwa yanakupwa. Tope likatokea, kwanza ukingoni, kisha kote. Morjina alisubiri sauti ya ng'ambo, na alijua kwamba safari hii ikija atatambua ni ya nani.

Kilichokuja ni kelele za kawaida. Watoto walikuwa wanapiga mayowe ukingoni, na mtu alikuwa anatukana kwa sababu mashua imekwama kwenye tope na hakuna wa kuisukuma. Alikuwa Aynal. Alipanda tuta magoti yamejaa matope, uso umevimba kwa nyuki hata jicho moja limefumba, akauliza mbona watu wamesimama kama wamekuja kuzika. Tohura alimrukia. Wanawake wakaanza kulia na kucheka kwa pamoja, wakimshika, wakimpiga mgongoni, wakimwambia jinsi alivyo mbaya wa sura.

Aliyechukuliwa alikuwa mtu wa Mothbari, kijiji cha chini ya mto, kijana anayeitwa Fozlu. Mashua yake ilifungwa karibu na yao. Aynal na wenzake walisaidia kumtafuta, ndiyo maana wakachelewa. Ameacha mke na mtoto anayetambaa. Aynal alisimulia hayo kwa sauti ndogo, huku Tohura amekwishamwekea sahani, naye anakula kwa njaa na anaona aibu kula.

Morjina alimpapasa uso uliovimba, akamwambia ale polepole. Kisha akapita nyuma ya nyumba, penye vizimba vitupu vya kaa, ambako mtu anaweza kuona mto wote na msitu ng'ambo yake. Alitaka kumshukuru Mungu, akanyanyua mikono, na mikono ilikuwa inanuka mafuta ya nazi. Aliitazama.

Alikuwa amechana nywele jua likiwa utosini. Alikuwa amepaka mafuta, amegombana, amevunja kila alichoweza kuvunja mbele ya mashahidi. Na Aynal yuko mlangoni anakula. Mjomba hakuwa anatazama nywele zake. Huenda hakuwa amewahi kutazama nywele za mwanamke yeyote, wala kunusa jiko la mtu.

Sauti ikaja, mchana kweupe, kutoka ng'ambo. Kuu. Ilikuwa ya Mokbul, na kwa miaka yote aliyoisikia alikuwa hajawahi kuisikiliza, kwa sababu alidhani ni lawama. Haikuwa lawama. Ndivyo watu wanavyoitana msituni wasipotezane. Morjina alifungua mdomo akaitika, na sauti yake ilivunjika katikati, akaanza kumlilia mume wake. Hakuwahi kumlilia. Alikuwa amejililia mwenyewe, alikuwa amelia kwa woga na kwa hatia, lakini yule kijana mwenye mabega mapana aliyekuwa anaficha peremende kwenye msuli wake kwa ajili yake, huyo hakuwahi kumlilia, kwa kuwa muuaji hana matanga.

Nosiron alimkuta hapo. Alikuja taratibu, fimbo ikizama kwenye udongo.

"Ulisema ulikaanga," akasema.

"Nilikaanga."

"Basi ndizo. Ndizo zilizomwua Mokbul."

"Leo umeniona, wifi. Umenusa mafuta. Na mwanangu yuko pale anakula."

Nosiron alikuwa mtu mwenye akili. Hesabu hii haikuwa ngumu kwake. Morjina alimwona anaifikia, akamwona anaikataa, na uso wake wote ukaanza kucheza.

"Usiseme hivyo," alisema yule mzee. "Kama si pilipili, mimi nilikufukuza kwa nini? Na mimba ya ndugu yangu tumboni. Mvua zile. Kama si pilipili, nilifanya nini mimi?" Alimshika Morjina mkono kwa nguvu. "Sema zilikuwa pilipili. Wewe umezoea, Morjina. Nakuomba. Sema."

Ingekuwa rahisi. Mzigo ulikuwa na alama ya bega lake tayari, na Nosiron hakuwa na miaka mingi mbele ya kubeba chochote. Morjina aliutazama mkono uliomshika, wenye mishipa na rangi ya tambuu kwenye kucha, mkono uliomlea Mokbul.

"Hazikuwa pilipili, wifi," akasema.

Nosiron alilia kama mtoto, kwa sauti, bila kujifunika. Morjina alimkalisha juu ya kizimba, akakaa karibu naye, bega kwa bega, na hakumtuliza kwa uongo wala kwa utani. Alimwacha alie mpaka pumzi ikarudi.

"Kesho tunavuka kwenda Mothbari," alimwambia baadaye. "Mimi na wewe. Kuna mke wa mtu huko, na saa hizi wamekwishaanza kumwuliza alipika nini. Mimi nikisema, watasema ni mla mume anamtetea mla mume mwenzake. Wewe watakusikiliza. Wewe ndiye utakayesema."

Nosiron alifuta uso kwa ncha ya sari, akatema tambuu iliyokwisha ladha, akauliza mtumbwi wa Mothbari unaondoka na maji ya saa ngapi.